Kufuma Zulia la Ukutani kwa Sufu Uliyoitia Rangi Mwenyewe: Mwongozo Kamili

Zulia la ukutani hutumia ufumaji ulio sahili kuliko wote. Mshindio, yaani uzi unaofumwa kwa kwenda na kurudi, unapita juu ya uzi mmoja wa mtande (nyuzi zilizokazwa kwenye fremu) na chini ya unaofuata, kisha mstari wa pili unafanya kinyume. Linalolitenga na nguo nyingine ni mambo mawili: mshindio hushindiliwa mpaka mtande wote ufunikwe, na kila rangi huenda na kurudi ndani ya eneo lake tu bila kuvuka upana mzima. Ndiyo maana rangi hutiwa kwenye mshindio peke yake. Ndiyo maana pia kasoro nyingi zinazodhaniwa kuwa za uchoraji huwa ni za uzi: umeingizwa mfupi mno, ni mnene mno, au umetoka kwenye sufuria mbili tofauti.

Hesabu zote hapa chini zinafuata kazi moja yenye upana wa sm 40 na kimo cha sm 60, inayofumwa kwenye fremu ya kusimama.

Nyuzi na hesabu yake

Kwa mtande tumia uzi wa pamba uliosokotwa kwa nguvu, laini juu, usionyumbuka, wenye unene unaokaribia mm 1. Kitani nacho ni kizuri, lakini hakisamehe: uzi mmoja ukilegea hauwezi kujirudi, na huo uliolegea utaonekana kama mfereji kwenye zulia zima. Nyuzi 3 kwa kila sentimita zinamfaa anayeanza, na hata mzoefu anayetaka maumbo makubwa. Sm 40 mara 3 ni nyuzi 120. Fremu ikiwa na nafasi ya ndani ya sm 100, kila uzi unakula mita moja na ushei, kwa hiyo andaa mita 150. Kutaka nyuso za watu au herufi ndogo kwa nyuzi 2 kwa sentimita ni kujitafutia taabu; kwa mambo hayo panda hadi 4 au 5, ukijua kwamba muda wa kufuma nao utapanda.

Sufu ya mshindio iwe ya nyuzinyuzi ndefu, iliyosokotwa ikakaza kiasi. Ile laini ya kufumia sweta ina chemchemi nyingi. Ukiishindilia inainuka tena. Sufu iliyotibiwa ili isisinyae kwenye mashine ya kufulia hunywa rangi haraka na kwa giza zaidi, basi usiichanganye na ya kawaida katika sufuria moja ukitegemea zitoke sawa.

Chagua uzi mwembamba, kisha uunganishe nyuzi 2 hadi 4 bila kuzisokota. Faida yake utaiona kwenye rangi, kwa sababu unaweza kubadilisha uzi mmoja tu ndani ya fungu na kupata kivuli kipya. Kujua unene ufaao, lilaze fungu hilo sambamba na mtande, katikati ya nyuzi mbili. Likijaza nafasi bila kuzisukuma, limefaa. Likizidi, mtande utachungulia kama vitone vyeupe hata ukishindilia kwa nguvu zako zote.

Kiasi cha sufu usikikisie. Fuma kipande cha sm 10 kwa 10 kwa nyuzi zilezile na msongamano uleule, kisha pima uzito wa mshindio ulioingia. Tuseme umetumia g 14. Zulia letu lina vipande kama hivyo 24, yaani g 336. Ongeza asilimia 30 kwa ajili ya mikia, majaribio na kufumua, upate kama g 440. Gawanya kwa rangi kulingana na eneo la kila moja kwenye mchoro. Rangi ya usuli itoke yote katika sufuria moja, kwa mpigo mmoja. Ikiisha katikati ya kazi huwezi kuipata tena ilivyokuwa, na tofauti ndogo ambayo huioni mkononi itajitokeza kama mstari ukutani.

Kuosha sufu

Zungusha uzi uwe vishada vya g 50 na ufunge kila kimoja sehemu nne kwa uzi wa pamba. Fundo liwe legevu la umbo la nane. Likibana, rangi haitapita na utabaki na madoa meupe. Loweka kwenye maji ya nyuzi joto 45 hadi 50 yenye sabuni laini kwa dakika 30, kisha suuza kwa maji ya joto lilelile. Usifikiche. Kinachoifanya sufu igande kama blanketi ni msuguano, ukisaidiwa na mabadiliko ya ghafla ya joto. Ikiwa maji hayaingii na uzi unaelea, bado una mafuta, rudia. Uzi wenye mafuta hunywa rangi kwa mabaka, na mabaka hayo hayatoki.

Kutia rangi

Vyombo vya kazi hii visirudi jikoni kamwe. Sufuria iwe ya chuma cha pua, kwani alumini na chuma cha kawaida hubadilisha rangi. Vaa barakoa unapopima unga. Hatari kubwa ni vumbi lake.

Njia yenye kutabirika zaidi ni rangi za asidi zilizotengenezwa kwa ajili ya sufu. Yeyusha g 1 ya unga katika maji ya moto mpaka yafike ml 100. Hayo ni maji ya rangi ya asilimia 1. Kuanzia hapo hesabu zote ni za ujazo. Ukitaka kina cha asilimia 1 kwenye sufu ya g 50, unahitaji g 0.5 ya rangi, yaani ml 50. Kwa ngazi ya vivuli vitano vya rangi moja, kila sufuria na kishada cha g 50, punguza nusu kwa nusu: ml 100, 50, 25, 12.5 na 6.25. Vile viwili vya mwisho vipime kwa bomba la sindano. Kosa la ml 2 kwenye kivuli cheusi halionekani, kwenye kivuli cheupe linaonekana waziwazi.

Weka lita 2 za maji ya vuguvugu kwa kila kishada, mimina rangi, koroga, kisha ingiza sufu iliyokwisha kulowa. Pandisha joto polepole, dakika 40 mpaka ufike nyuzi 85. Katikati ya safari hiyo itoe sufu, tia g 1.5 ya asidi ya sitriki iliyoyeyushwa, koroga, uirudishe. Ukiwa na karatasi ya kupimia pH, yaani kiwango cha uchachu, lenga 4 hadi 5. Shikilia kati ya nyuzi 85 na 95 kwa dakika 40, ukigeuza vishada taratibu bila kuacha maji yatokote kwa fujo. Maji yakiwa meupe kabisa, rangi yote imeingia. Yakibaki na rangi, ongeza asidi kidogo na dakika 15. Acha sufu ipoe humohumo ndani ya sufuria.

Mabaka hutokana karibu kila mara na haraka. Asidi ikitangulia na moto ukipanda kwa kasi, uzi wa nje wa kishada hunyakua rangi kabla wa ndani haujapata. Kwa mfumaji wa mazulia mabaka madogo si hasara: sufu yenye mpigo usio sawa huipa anga au maji uhai ambao rangi bapa haina. Tenga vishada hivyo, vitapata kazi.

Ukichanganya rangi mbili ili kupata ngazi, usitegemee mgawanyo sawa. Njano ni dhaifu mbele ya buluu. Nusu kwa nusu inakupa karibu buluu yenye ukijani. Kijani halisi kinakuja pale njano inapofika kama sehemu 9 kwa 1. Basi zisogeze hatua zako karibukaribu upande wa njano na uziachanishe upande wa buluu. Hukumu ya mwisho itolewe sufu ikikauka, maana ikiwa mbichi huonekana nyeusi zaidi. Iangalie mchana karibu na dirisha, tena usiku chini ya taa. Rangi mbili zinaweza kulingana kwenye mwanga mmoja na kuachana kwenye mwingine.

Anayetaka rangi za mimea ataanza kwa shabu, ambayo huishikisha rangi kwenye sufu: g 15 za shabu na g 6 za krimu ya tata kwa kila g 100 za sufu kavu. Pandisha hadi nyuzi 80 kwa saa moja, shikilia saa nyingine, acha ilale humo usiku kucha. Mizizi ya mmea uitwao Rubia tinctorum, uzito sawa na sufu, hutoa nyekundu ya matofali mradi joto lisipite nyuzi 70. Ukizidisha, hudhurungi inajitokeza na nyekundu inafifia. Kochinili, yaani wadudu wadogo waliokaushwa, iliyosagwa, g 5 hadi 10 kwa g 100, inatoa waridi mpaka nyekundu nzito. Nili haihitaji shabu, bali huhitaji pipa lililoondolewa oksijeni, na kwa sufu magadi yasizidi, kwa kuwa magadi makali huila sufu yenyewe. Chumvi ya chuma, g 1 au 2 kwa g 100, hutia giza rangi yoyote; ikizidi, uzi unakuwa mkavu na kukatika baada ya miaka. Manjano ya jikoni iache. Inapendeza siku ya kwanza, ila mwanga huifuta upesi.

Kabla ya kuiamini rangi yoyote, zungusha nyuzi kwenye kipande cha kadi, funika nusu, uitundike dirishani wiki 6.

Rangi chache, zilizopangwa

Mwaka 1824 mkemia Michel Eugène Chevreul aliwekwa kusimamia utiaji rangi katika kiwanda cha mazulia cha Gobelins, Paris, na miongoni mwa malalamiko aliyoyakuta ni kwamba rangi nyeusi haikuwa na nguvu. Alipochunguza, akaona sufu nyeusi haina kasoro. Ni rangi zilizowekwa kando yake zilizokuwa zikiidhoofisha machoni. Kwa mfumaji somo hili ni la kila siku. Usichague rangi kwa kuitazama ikiwa peke yake. Sokota nyuzi za rangi jirani pamoja kwenye kadi, kwa uwiano ule zitakaokuwa nao ukutani, ndipo uamue. Karne ya 20, msanii Mfaransa Jean Lurçat alirudi kwenye rangi chache na mtande wa nyuzi nene, na mazulia yake hayakuonekana maskini. Vivuli 12 hadi 15 vinatosha kazi yetu. Mafungu ya nyuzi 3 yatavizaa vingine.

Mchoro wa ukubwa kamili uchore kwa mistari ya mipaka tu. Kisha uulize swali ambalo wengi hulisahau: ufumwe ukiwa wima au ukiwa umelazwa? Mstari mwembamba wa wima, kama shina la mti, ni mgumu kufuma kwa sababu kila upande wake unaacha mpasuo mrefu. Ukiugeuza mchoro kwa robo duara, shina linakuwa mstari wa mlalo, jambo jepesi kabisa. Mazulia makubwa ya Ulaya ya zama za kati yalifumwa hivyo, na yakitundikwa mtande wake hulala. Walakini mchoro si sharti. Katika kituo cha Ramses Wissa Wassef huko Harrania, karibu na mji wa Giza nchini Misri, wafumaji hufanya kazi moja kwa moja kwenye mtande, bila mchoro wa kufuata.

Kutanda mtande

Fremu isipinde. Mvuto wa nyuzi 120 ni mkubwa kuliko unavyodhani, na mbao nyembamba itainama, kisha nyuzi za katikati zilegee. Tumia mbao ngumu ya sm 5 kwa 5 au bomba la chuma.

Weka alama za sentimita kwenye miti ya juu na chini. Funga uzi chini, pandisha kwa mbele ya mti wa juu, zungusha nyuma, shusha upite mbele ya mti wa chini, uzungushe nyuma yake, upande tena mbele ya mti wa juu. Umbo la nane linalotokea hukupa makutano katikati, na kila mzunguko ni nyuzi mbili. Vuta sawasawa, kisha pitisha kiganja juu ya mtande wote: uzi unaozama zaidi ya wenzake uukaze sasa, kwa sababu baada ya kuanza kufuma hautarekebishika. Ukiugonga, mtande ulie kama uzi wa zeze.

Chomeka ubao wa sm 4 kwenye makutano ili ushikilie mwanya wa kwanza, yaani nafasi kati ya nyuzi za mbele na za nyuma ambamo mshindio hupita. Kwa mwanya wa pili, funga kitanzi cha uzi kwenye kila uzi wa nyuma, vitanzi vyote vya urefu mmoja, uvishikize kwenye fimbo. Chini kabisa pitisha vipande viwili vya kadi ili kunyoosha mtande, kisha funga mstari wa mafundo, fundo moja kwa kila uzi. Pima: sm 40 kamili, nyuzi 3 kwa kila sentimita. Fuma sm 3 za uzi mwembamba ziwe upindo.

Funga mchoro nyuma ya mtande, na uhamishe mipaka kwa wino usiofutika kwa maji, ukizungusha kalamu kuuzunguka kila uzi. Nyuzi hujigeuza; alama ya upande mmoja itapotea.

Kufuma

Mshindio unaopita mara moja hufunika nusu tu ya nyuzi za mtande. Unaporudi katika mwanya wa pili ndipo mstari unatimia. Fikiria kila wakati kwa mizunguko, yaani kwenda na kurudi.

Jambo linaloamua ubora wa kazi yote ni matao. Mtande umekaza na haupindi, kwa hiyo ni mshindio unaolazimika kuuzunguka kila uzi, juu na chini, na safari hiyo ni ndefu kuliko upana ulionyooka. Ukiuvuta ukanyooka, utachukua urefu unaokosa kutoka kingoni, na zulia litaanza kubana kiunoni. Basi laza mshindio kwa matao: kila sm 6, tao la kimo cha sm 2 hivi. Bonyeza kwanza sehemu za chini za matao kwa kidole, kisha shindilia kwa kitana au uma mzito. Mwanzoni na mwisho wa eneo, kwenye mgeuko, uzi uguse ukingo tu bila kuuvuta. Matao makubwa mno nayo huacha vinundu vya uzi usoni. Ukiviona, punguza kimo cha tao.

Pima upana kila baada ya sm 3. Ukipungua mm 2, ongeza matao. Ukipungua mm 5, fumua hadi pale ulipokuwa sawa. Kufunga kingo kwenye fremu kwa uzi husaidia kuzuia, ila hakuponyi kitambaa ambacho kimeshabana.

Rangi jirani zitembee kwa kukutana na kuachana. Katika mwanya mmoja, buluu ikienda kulia, nyekundu iliyo kando yake iende kushoto. Zinakutana kwenye mpaka, na katika mwanya unaofuata zinaachana. Zikienda upande mmoja, ukitaka kusogeza mpaka zitagongana: uzi wa rangi mpya utapita juu ya nyuzi zilezile ulizopita wa zamani, na mtande utachungulia. Dawa ni kukata mmoja wao na kuuanzisha upya kutoka mwisho wa pili wa eneo lake.

Mpaka wa wima una njia tatu. Unaweza kuacha mpasuo, ambao hutoa mstari safi kuliko yote. Ukipita sm 2, ushone kwa nyuma kwa uzi mwembamba wa pamba, tena wakati bado uko kwenye fremu. Unaweza kukumbatisha mishindio miwili kati ya nyuzi mbili za mtande, hapo hakuna tundu, ila mpaka unalainika. Au rangi zote mbili zizunguke uzi mmoja wa mtande, zikibadilishana. Njia hii huota tuta na meno ya msumeno, nayo inafaa pale unapoyataka.

Mteremko ni hesabu ya ngazi. Kama unapata mizunguko 6 kwa sentimita, mizunguko miwili ina kimo cha mm 3.3, sawa na nafasi ya uzi mmoja wa mtande. Kusogea uzi mmoja kila mizunguko miwili kunakupa mteremko wa digrii 45. Ukisogea kila mzunguko, mteremko unalala. Kila mizunguko minne, unasimama. Kwa duara, anza kwa hatua za nyuzi nyingi, zipungue hadi moja moja, kisha mizunguko iongezeke kabla ya kila hatua, na upande wa juu urudie kinyume. Jenga kwanza maumbo yanayojikunja kuelekea ndani, kama vilima, halafu ujaze mabonde. Umbo linaloinamia nje likijengwa kwanza litafunika nyuzi unazozihitaji, na hutaweza kushindilia chini yake.

Kuyeyusha rangi moja ndani ya nyingine, ingiza ndimi: mzunguko mmoja wa buluu unapenya sm 4 ndani ya kijani, unaofuata sm 1, kisha 3, bila mpangilio unaojirudia. Ndimi za urefu sawa zitaonekana kama kitana. Njia ya pili ni ya mafungu: nyuzi 3 za buluu, halafu 2 za buluu na 1 ya kijani, na kuendelea. Ukibadilisha rangi mbili kwa kila mpito, moja kwenda, nyingine kurudi, utapata milia myembamba ya wima bila mpasuo hata mmoja.

Uzi mpya uanzie kwenye bonde kati ya nyuzi mbili, si juu ya uzi, na mkia wa sm 4 ubaki nyuma. Usiunganishe nyuzi kwa mafundo. Acha sm 15 hadi 20 za mtande juu bila kufuma: mwanya huko hubana, na kulazimisha huharibu mvuto. Maliza kwa upindo wa sm 3 na mstari wa mafundo.

Kulitoa na kulitundika

Kata mtande nyuzi nne nne, kutoka kingoni kwenda katikati kwa kupokezana, na ufunge kila fungu mara moja. Lilaze zulia kifudifudi, libane kwa pini zisizopata kutu mpaka kingo ziwe na pembe mraba, funika kwa kitambaa kibichi, uelekeze mvuke wa pasi bila kuikandamiza. Liache likauke kabisa kabla ya kutoa pini. Mvuke utasawazisha mawimbi madogo. Kiuno kilichobana hautakinyoosha.

Kunja pindo kwa nyuma na uzishone kwa mshono usiotokeza mbele. Kwenye upindo wa juu shona utepe wa velkro wa sm 5, ule upande laini, na ule wenye kulabu uupigilie kwenye ubao wa upana uleule. Uzito utagawanyika upana mzima, na zulia linaweza kubanduliwa haraka. Kitambaa cha bitana kishonwe juu na pembeni tu, chini kikae huru, kwa sababu sufu na pamba hazipanuki sawa hewa inapobadilika unyevu.

Litundike mbali na jua la moja kwa moja. Mara mbili kwa mwaka lifyonze vumbi pande zote kupitia wavu, ukitazama hasa nyuma na kwenye pindo, ambako nondo hupenda kutaga. Ukikuta mabuu, lifunge kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha hewa na uliweke kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Likitoka, usifungue mfuko mpaka zulia lifikie joto la chumba, la sivyo unyevu utatua kwenye sufu yenyewe.